Dozi ya saa tano kasoro dakika kumi: kijana wa miaka 15 anavyochaguliwa pampu ya insulini, na anavyojichagulia

Kisa ni cha kijana wa miaka 15, anaishi Columbus, Ohio, wazazi wake watu wa Mombasa, baba anafanya kazi ghala la mizigo na mama anatunza wazee zamu ya usiku. Kisukari aina ya kwanza alikutwa nacho ana miaka 12, kwa ile njia tunayoijua sote, mtoto anakonda, anakojoa usiku kucha, kiu haiishi, watu wanasema anakua tu huyo, mpaka siku anatapika na kupumua kwa nguvu anapelekwa emajensi ketoni, ile asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini, ziko juu. Mi ni nesi na kazi yangu ya kila siku ni watu wa kisukari, ila huyu si wa kliniki yetu, hawa ni watu tunaojuana mtaani na msikitini, ndo maana niliweza kukaa nao jikoni saa nzima bila mtu kuangalia saa. Mama mwenyewe ndo kaniambia andika, kuna wengine wako palepale tulipokuwa sisi, nami nimebadilisha vitu viwili vitatu kijana asijulikane.

Swali la mama lilikuwa jepesi: "Dada, daktari katupa karatasi za pampu nne tuchague, we nambie tu ipi nzuri tuweke sahihi tumalize." Sasa hilo swali kila mtu analiuliza na mi silijibu, manake ukiniuliza ipi nzuri ntakutajia moja na kesho yake mwanao ataivua aitupe kwenye droo. Ninachotaka kujua kwanza ni kitu gani kinaharibika kila siku kwenye sukari ya huyu mtoto, alafu pampu ndo itafutwe ya kuziba hapo.

Basi tukafungua ripoti ya sensa, kile kidude cha kubandika mwilini kinachopima sukari mchana na usiku, yeye tayari alikuwa anavaa Dexcom G7. A1c yake ya mwisho, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ilikuwa asilimia 8.7, na muda wake ndani ya kiwango, yaani sukari kukaa kati ya 70 na 180 kwa kipimo cha Marekani, mg/dL, ulikuwa asilimia 41 wakati tunatafuta ipite 70. Ukiangalia hizo namba peke yake utasema mtoto mkaidi huyu, hajali. Lakini ule mchoro wa siku nzima ulikuwa unasema kitu kingine kabisa. Usiku ilikuwa nzuri, asubuhi anaamka 130, 140, chai na mkate anadunga vizuri kwa sababu mama karudi kutoka kazini yuko pale. Kuanzia saa tano na nusu asubuhi mstari unapanda kama mnazi, unafika 300, unakaa hukohuko mpaka jioni, na Jumamosi na Jumapili huo mlima haupo. Mtoto hana shida na kisukari siku saba za wiki, ana shida na chakula cha mchana cha shule.

Nikamuuliza mwenyewe, mama nikamuomba atuchemshie chai. Kumbe shule yao lanchi inaanza saa tano kasoro dakika kumi na ni nusu saa tu. Kalamu za insulini zinakaa kwa nesi wa shule, ofisi iko upande wa pili wa jengo, aende asubiri mlangoni, apime, adunge, nesi aandike kwenye daftari, arudi, kabaki na dakika kumi na foleni ya chakula bado ndefu na wenzake washamaliza kula. "Anti, kila siku nakula peke yangu," ndo alivyoniambia, alafu akaongeza, "bora nisiende." Kwa hiyo alikuwa haendi. Anakula pizza au naget na maziwa ya chokoleti bila dozi yoyote, akifika nyumbani anajidunga kubwa ya kulipia, saa ya mazoezi ya soka inashuka mpaka 60, anakunywa juisi, inapanda tena. Hapo sijaona ukaidi mimi, nimeona mtoto kapiga hesabu yake akaona marafiki wana thamani kuliko sindano ya mchana, na ukikumbuka we mwenyewe ulikuwaje na miaka 15 huwezi kumlaumu sana.

Kitu cha pili nilikishika kwa vidole. Tumboni pande zote mbili za kitovu alikuwa na vinundu, ngozi imevimba laini kama mafuta, kwa sababu miaka mitatu anadunga palepale, hapaumi tena ndo maana anapapenda. Insulini ikiingia kwenye vinundu inafyonzwa inavyotaka yenyewe, leo nusu, kesho yote kwa mkupuo. Pampu yoyote utakayomvalisha hapo itaonekana mbovu. Kwa hiyo kabla hatujagusa karatasi hata moja ilishajulikana kwamba tumbo linapumzika miezi kadhaa na chochote kitakachovaliwa kitavaliwa mkononi nyuma, pajani, au juu ya makalio.

Sasa matarajio, manake hapa ndo familia nyingi zinaanguka. Mama alikuwa anaamini pampu inapima yenyewe inatibu yenyewe na mtoto anakuwa kama hana ugonjwa. Bibi huko Mombasa kwenye simu alikuwa analia ati mjukuu wake anafungwa mashine, kwa hiyo ni mahututi. Wote wawili nikawaambia hivi: pampu ni kifaa kinachotoa insulini ya haraka tu, tone kwa tone mchana na usiku badala ya ile ya muda mrefu ya kudunga mara moja, na wakati wa kula mtu bado lazima aiambie nakula wanga kiasi gani, iongeze. Hizi za siku hizi zinasoma sensa kila dakika 5 na kupunguza au kuongeza zenyewe, ukishuka zinasimama, ukipanda zinasukuma kidogo. Usiku zinafanya maajabu, hilo sibishi. Kwa chakula zinasaidia nusu, hakuna hata moja kati ya zile nne inayoweza kuikimbiza pizza ambayo hukuiambia inakuja.

Na kuna hatari ambayo kwenye matangazo inaandikwa herufi ndogo. Mtu wa kalamu akikosa dozi moja bado ana ile insulini ya muda mrefu mwilini inamshikilia. Mtu wa pampu hana akiba. Kanula, kale kamrija laini kanakoingiza insulini mwilini, ikijikunja chini ya ngozi saa nne usiku au plasta ikibanduka kwa jasho, ndani ya masaa machache ketoni zinaanza kupanda na alfajiri mtoto anatapika. Hili nililirudia mpaka baba akaniambia dada tumesikia. Nikasema vizuri, basi nirudishieni nyinyi kwa mdomo wenu mtafanya nini sukari ikizidi 250, umesahihisha na haishuki. Jibu linalotakiwa ni pima ketoni, dunga insulini kwa kalamu si kwa pampu, badilisha kifaa weka sehemu mpya, na maji mengi. Ketoni za damu zikipita 1.5 unapigia kliniki simu, zikifika 3 au mtoto anatapika hamsubiri mtu, mnaenda hospitali.

Zile karatasi nne zilikuwa MiniMed 780G ya Medtronic, t:slim X2 ya Tandem, Mobi ya Tandem hiyohiyo, na Omnipod 5 ya Insulet.

Ukinipa mimi ripoti ile bila kuniambia ni ya nani ningesema 780G, kwa sababu moja tu, inasamehe. Unaweza kuiwekea lengo la sukari 100, na inaweza kutoa dozi za kusahihisha yenyewe hata kila baada ya dakika 5, kwa hiyo mtu anayeruka dozi za chakula ndo atapata nafuu kubwa kwayo. Inabeba yuniti 300, betri ni ile ya kawaida ya AA unanunua popote hata soko la Kongowea. Ila haisomi Dexcom, ingebidi abadilishe sensa, na kijana sensa yake anaipenda, washazoeana, marafiki wawili wanaiona sukari yake kwenye simu zao na wanamtania ikipanda. Kumvua hiyo ni kumwanzishia vita mpya kabla ya ile ya zamani kwisha.

t:slim X2 inasoma Dexcom, yuniti 300, na ikiona ndani ya nusu saa ijayo utapita 180 inaweza kutoa dozi ya kusahihisha mara moja kwa saa, asilimia 60 ya ile inayohitajika kwa hesabu. Si kali kama 780G ila ni nzuri. Ina mrija unaotoka kwenye pampu mpaka mwilini, na maji haiyawezi kihivyo, ikizama futi 3 kwa nusu saa ndo mwisho wake, kwa hiyo kwenye bwawa inavuliwa. Alivyoishika mkononi akasema kubwa hii. Nikamwambia mwanangu pampu ya kwanza kabisa aliitengeneza daktari mmoja Los Angeles anaitwa Arnold Kadish, mwaka 1963, ilikuwa inabebwa mgongoni kama begi la shule. Akacheka lakini hakubadilisha mawazo.

Mobi ni nusu ya hiyo, unaweza kuibandika mwilini na kamrija kafupi, akili ni ileile ya t:slim, yuniti 200. Hii ndo ilikuwa karibu ishinde. Tatizo haina skrini, kila kitu unafanya kwenye simu, na wakati ule ilikuwa inataka iPhone, yeye ana Samsung yenye kioo kimepasuka. Baba akasema tutamnunulia iPhone. Mtoto macho yakang'aa, hapo nikajua tumeacha kuchagua pampu tunachagua simu, nikaomba turudi kwenye mada.

Omnipod 5 haina mrija kabisa, ni kipodi kinabandikwa kwenye ngozi, kanula inajiingiza yenyewe ukibonyeza, unakivaa siku 3 unakitupa unavaa kingine. Kinazama futi 25 kwa saa nzima. Kinaendeshwa na rimoti yake inayofanana na simu, au simu yenyewe kama iko kwenye orodha yao, ya kwake haikuwepo. Udhaifu wake, na mi nilimwambia wazi, ni kwamba wakati ule lengo la chini kabisa ulilokuwa unaweza kuweka lilikuwa 110, na haina zile dozi kubwa za kusahihisha, inasukuma kidogokidogo tu. Akiendelea kula bila kuiambia, hiyo 300 ya mchana ataiona tena.

Alafu kuna hesabu ambayo muuzaji hakuifanya mbele yao. Kipodi kinabeba yuniti 200 mwisho. Kijana wa miaka 15 yuko kwenye kukua, homoni zile zinafanya insulini isishike vizuri, yeye kwa siku alikuwa anatumia kama yuniti 72 ukijumlisha zote. 72 mara siku 3 ni 216. Haitoshi. Ukipanda pampu kawaida dozi inapunguzwa, robo hivi au chini kidogo, kwa hiyo mwanzo ingetosha, ila akianza kudunga lanchi kweli kama tunavyotaka itarudi juu, na siku ya pilau ndo kabisa. Maana yake daktari aandike tangu mwanzo kipodi kibadilishwe kila masaa 48, ni vipodi 15 kwa mwezi badala ya 10. Ukisubiri mpaka viishe tarehe 20 ndo ukumbuke, bima itakwambia mapema sana rudi mwezi ujao.

Na bima ndo iliyoamua nusu ya kisa hiki, mtu asikudanganye kwamba Marekani unachagua kwa moyo. Bima ya baba inaziweka pampu za mirija kwenye fungu la vifaa vya kudumu, fungu moja na viti vya magurudumu. Kwanza mlipe ninyi mpaka kile kiwango cha mwaka kijae ndo wao waanze kuchangia, na wakishanunua hawanunui nyingine mpaka waranti ya miaka 4 iishe. 15 na 4 ni 19. Mtoto anachagua kifaa akiwa hajaota ndevu na atakuwa nacho anaingia chuo. Vipodi kwa bima hiyohiyo vinapitia famasi kama dawa, mnalipa mchango wa mwezi, mkivichoka mnaacha. Baba kazi yake anaweza kuhama muda wowote, na akihama bima inahama. Sisemi bima zote ziko hivi, mipango inatofautiana hata ndani ya kampuni moja, ndo maana unapiga simu unauliza maswali mawili, pampu hii inapita fungu gani, na nikitaka kubadilisha ni baada ya muda gani, unaandika jina la aliyekujibu na tarehe. Mama aliongea nao kwenye spika mi nikiwa pembeni, muziki wa kusubiri tukaujua wote kwa kichwa.

Bado kijana hajachagua lakini. Nikasema avae. Kliniki yake ikampa kipodi cha majaribio kisicho na dawa wala sindano, na ile seti ya mrija wakamwekea na pampu ya mfano, akae nazo kwa zamu. Kipodi akakiweka mkononi nyuma, akaenda mazoezini, akapigwa kiwiko, kikabaki. Akalala nacho, siku ya pili akasema amekisahau mpaka alipovaa fulana. Pampu ya mrija akaikalia chooni, akaiangusha, mrija ukanasa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni mara mbili na dada yake mdogo akawa anauvuta kwa makusudi. Majaribio ya namna hii yana maana kuliko video zote, na ni bure, ukinyimwa uliza tena.

Hapo tukakaa wote wanne mezani na kila mtu akasema yake. Mama alitaka t:slim kwa sababu inasahihisha yenyewe, "mwanangu akisahau mashine ikumbuke." Baba alitaka isiyomfunga miaka minne. Mi kwa namba ningekuwa upande wa mama, na nilisema hivyo. Kijana akasema kitu ambacho kilinifanya ninyamaze. Akasema, "Lakini mimi sisahau. Mimi najua kila siku. Siendi tu." Na ndo kweli, tulishaliona hilo kwenye ripoti na bado tulikuwa tunataka kumnunulia dawa ya usahaulifu. Kinachomzuia ni ule mwendo wa kwenda kwa nesi, kwa hiyo kifaa kinachotakiwa ni cha kumfanya adunge pale alipokaa, na rimoti chini ya meza akiwa na wenzake inafanya hivyo, sekunde chache. Yoyote kati ya zile nne ingeweza, ila ya kuvaa kwa hiari ilikuwa moja. Akachagua vipodi.

Ila kifaa peke yake kisingetosha na hapa wazazi wengi wa kwetu tunaogopa kusumbua shule. Kuna sheria ya mwaka 1973, kifungu cha 504, mtoto mwenye kisukari shule ya serikali ana haki ya kuandikiwa mpango wake. Mama hakujua, alidhani ile fomu ya nesi ndo yote. Tukaomba kikao, mpango ukaandikwa: anaruhusiwa kujipa insulini popote alipo, daktari kasaini kwamba anaweza mwenyewe, rimoti na simu anakaa navyo hata kama simu zimekatazwa darasani kwa sababu ni vifaa vya matibabu, anaweza kula kitu sukari ikishuka hata katikati ya mtihani, na nesi ana akiba ya kalamu, kipodi kimoja na vijiti vya ketoni. Wiki ya kwanza tu mwalimu mmoja kamnyang'anya rimoti akidhani simu. Karatasi ikatolewa, ikarudishwa. Bila karatasi huyo mtoto angekuwa bila insulini ya chakula mpaka saa nane.

Kuanza kwenyewe nitapita haraka. Dozi ya muda mrefu ikaachwa kwa mpango wa daktari, mipangilio ikaingizwa, kwa mahesabu yake yuniti 1 kwa kila gramu 7 za wanga na yuniti 1 inashusha kama 25. Kikombe cha wali uliopikwa, kile cha kupimia cha Kimarekani, ni gramu 45 hivi, kwa hiyo ni yuniti 6 na nusu. Mama alipoona hivyo akasema kwa hiyo sahani ya pilau ya mwanangu ni yuniti ishirini! Nikamwambia na ndo unavyompakulia. Tukanunua mzani wa jikoni, chapati zake zikapimwa maana hakuna chapati mbili za mama huyo zinazolingana, na hakuna kitabu cha hospitali ya hapa kitakachokwambia mahamri ya nyumbani kwako yana wanga kiasi gani.

Wiki mbili za kwanza mama alinipigia kulalamika mashine haifanyi kazi, sukari iko 200 imekaa tu. Hilo lilikuwa linategemewa, Omnipod 5 inajifunza, kila ukibadilisha kipodi inaangalia insulini uliyotumia kwa siku na kujirekebisha, mwanzo inakuwa na woga. Wengi wanaitoa kwenye ile hali ya kujiendesha wiki hiyohiyo ya kwanza na kurudi kuiendesha kwa mkono, inakosa nafasi ya kujifunza. Vumilieni, na mkosaji mkubwa wa hizo 200 alikuwa mtu anayedunga baada ya kula. Dakika 15 kabla ya kula, ndo kazi kubwa iliyobaki kwake mpaka leo.

Ikatoka kanula moja usiku, kama nilivyowatishia. Kengele ikalia saa nane, 320, baba akaamka, akafanya ile orodha aliyonisomea jikoni, ketoni 0.9, kalamu, kipodi kipya pajani, saa kumi na moja iko 170. Hawakunipigia hata simu, nimeambiwa asubuhi.

Mama aliniuliza maswali ya dini pia ambayo kliniki hawakuwa na pa kuyaanzia. Kipodi kiko mkononi juu ya kiwiko, udhu hauguswi. Josho kubwa, maji yanapita kila mahali isipokuwa chini ya plasta, nikamwambia hilo muulize sheikh wenu maana mi ni nesi tu. Insulini kufunguza saumu, masheikh wengi wanasema haifunguzi kwa sababu si chakula. Kufunga kwenyewe ndo maneno. Kijana wa aina ya kwanza mara nyingi madaktari hawashauri afunge, na dini imempa ruhusa mgonjwa, lakini ukimwambia mtoto wa miaka 15 usifunge wenzako wakifunga atafunga kimyakimya, na hiyo ndo hatari zaidi. Akapewa masharti na daktari wake: lengo la mashine lipandishwe mchana, ikishuka chini ya 70 anafungua saa hiyohiyo bila majadiliano, ikipita 300 vilevile, daku haikosi, na siku ya mechi hafungi. Alifunga nyingine akaacha nyingine.

Safari ya Mombasa bado haijafika, ni likizo ya Juni, ila matayarisho yameanza. Vipodi havipatikani pale, kwa hiyo wanabeba mara mbili ya wanavyohitaji, vyote kwenye begi la mkononi, na barua ya daktari. Omnipod inaruhusiwa kupita kwenye mashine za uwanja wa ndege, zile za Tandem mwenyewe angetakiwa kuomba kupekuliwa kwa mkono, faida ndogo tuliyoipata bila kuitafuta. Chupa ya insulini iliyofunguliwa inakaa nje ya friji siku 28 kama joto halizidi nyuzi 30, Mombasa bila feni utapita hapo, na umeme ukikatika friji si kitu, kwa hiyo nikamwambia bibi atafute mtungi wa udongo, insulini kwenye kikopo kisichoingiza maji, kikopo ndani ya mtungi wenye maji kivulini. Bibi akafurahi mno, ndo mara ya kwanza kwenye kisa chote ameombwa kitu anachokijua. Ile insulini iliyo ndani ya kipodi ikipata joto la zaidi ya 37, mfano kakaa juani ufukweni mchana kutwa, inamwagwa na kipodi kinabadilishwa hata kama kina siku moja. Na kalamu za zamani, ya haraka na ya muda mrefu, zinaenda pia na dozi zake zimeandikwa kwenye karatasi, mashine ikifa Nyali hakuna wa kukuletea nyingine kesho yake.

Mama alinipigia usiku mmoja akasema anajisikia vibaya, kule Kenya kuna watoto wanapewa insulini bure na ule mradi wa Changing Diabetes in Children, wanadunga kwa bomba la sindano na kupima sukari kwa vijiti wanavyopewa kwa kuhesabiwa, na wa kwake anachagua mashine kama kuchagua viatu. Nikamwambia vijiti vitakavyobaki mwisho wa safari usivirudishe.

Miezi mitatu baadaye A1c ni 7.8 na muda ndani ya kiwango asilimia 61. Mlima wa mchana umebaki kilima, kuna siku bado anakula kabla ya kudunga, pizza inampanda baada ya masaa matatu kwa mafuta yake na hii mashine dozi ya kugawanya muda mrefu inaifanya kwenye hali ya mkono tu, kwa hiyo tunahangaika nayo. Vinundu vimeanza kulainika. Analalamika kuhusu gundi, anawashwa mkononi, tumejaribu plasta ya kuzuia chini yake imesaidia.

Kinachogombaniwa sasa ni kengele za mama. Sukari ya mtoto anaiona kwenye simu yake, na kila ikilia alikuwa anampigia, saa ya hesabu, saa ya mechi, mpaka kijana akaanza kuzima simu na tukarudi kwenye mambo ya kujificha. Wamekubaliana ujumbe mmoja tu, si simu, na kama hajajibu ndani ya dakika 15 ndo apige. Ya kushuka wameiweka 70 na hakuna mzozo hapo. Ya kupanda mama anataka 250, kijana anataka 300 na ipite masaa mawili kwanza, na kila mmoja ananipigia kwa wakati wake nimtetee.